Passerelle Itakudanganya

Ndugu vijana mnaosimama mbele ya ubao huu wa parokia, kwanza mnisamehe mwandiko. Shule yangu iliishia mwaka wa sita wa primeri, mkono wangu unaenda polepole kama mtu anayeteremka na ndoo ya maji kichwani wakati njia inateleza, na kuna maneno niliyoyaandika na kuyafuta mpaka karatasi ikatoboka. Mkikuta kosa, someni nilichotaka kusema. Nimechelewa pia kuandika, kwa sababu kila nikishika kalamu aibu inanipanda mpaka masikioni.

Wengi wenu mlikuwepo siku ile ya dote, yaani mahari, ya dada yangu Nsimire, kule kwenye ukumbi wa Nguba. Ambao hamkuwepo mmesikia, na mlichosikia kimetiwa chumvi, eti nilianguka juu ya ng'ombe. Sikuanguka juu ya ng'ombe. Nilianguka karibu na ng'ombe. Lakini anguko hilo ndilo dogo kuliko yote ya siku ile, na lile kubwa hakuna aliyeliona, ndiyo maana naliandika.

Dada yangu Nsimire ndiye aliyenilea mgongoni, na tangu utoto ndiye aliyekuwa ananijibia. Mgeni akiniuliza jina langu, mimi naangalia miguu yangu, Nsimire anajibu. Mwalimu akiuliza mbona sijaleta daftari, Nsimire anatoka darasani kwake kuja kujibu. Mimi neno moja tu ndilo linanitoka kirahisi mbele ya watu, nalo ni "ndiyo" (hata nikiwa sijaelewa, hasa nikiwa sijaelewa).

Sasa huyu Nsimire alikuwa na mchumba wake, Fabrice, mtoto wa watu wa Mumosho, ambaye miaka minne sasa anafanya kazi Kanada na karatasi zake za kusafiri hazijatoka. Kila jioni walikuwa wanazungumza kwa simu. Papa yetu alikuwa fundi wa mawe, mtu ambaye hata ukuta wa jirani anaugonga kwanza kwa vidole kabla hajauegemea, na mwanaume wa simu hakumtaka. Aliwarudisha watu wa Mumosho mara mbili. Mara ya tatu wakaleta tena maneno matamu, wakasema leo kuna video, kijana anaweza kuonekana kwenye ukuta mzima kama sinema, na papa akafikiri, akafikiri, kisha akasema mbele ya wote:

"Sitatoa mutoto yangu kwa sauti. Siku ya dote nitamuita mara tatu mbele ya batu, nione midomo yake ikinijibu. Akiitika mara tatu, mumuchukue. Asipoitika, murudi na ng'ombe yenu, na musirudi tena."

Basi Nsimire akanijia mimi. Kazi yangu, kwa wasionijua, ni kupanda juu ya nyumba za watu na kufunga internet pamoja na mkubwa wangu wa kazi, Chef Bisimwa. Dada akanishika mikono yote miwili akasema, "Mudogo yangu, hiyo siku isikatike hata dakika moja. Nimengoja miaka ine. Utaweza?"

"Ndiyo," nikasema.

Chef alikuwa amekwenda kisiwa cha Idjwi kusimamisha antena kwenye shule moja, lakini aliniazima ruta nzuri, ile inayokubali laini mbili. Niwaeleze kidogo. Laini ya kwanza inakuja kwa waya kutoka barabarani na kuingia kwenye modemu. Laini ya pili inakuja hewani, kwa antena juu ya paa inayotazama mnara ulio mlimani. Hiyo tunaiita ya secours, ya akiba. Ruta inakaa katikati, na kila baada ya muda mfupi inaita laini ya kwanza, kama kusema, "Uko?" Ikijibiwa, inatulia. Isipojibiwa, inawahamisha watu wote kwenye laini ya pili yenyewe, bila mtu kugusa kitu, na mtu wa Kanada hata hajui kwamba amehamishwa. Ni jambo zuri sana likifungwa na mtu anayeelewa.

Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya dote, chef akanipigia akiwa ziwani kwenye pirogi ya mota, ule mtumbwi wa injini, upepo mwingi, mota inalia.

"Sikia, mutoto. Ile kontrole, usiiweke kwa passerelle. Unasikia? Passerelle iko karibu sana. Weka mbali, mbali kabisa. Passerelle itakudanganya!"

"Ndiyo, chef."

"Umeelewa sawasawa?"

"Ndiyo, chef."

Sasa, ndugu zangu, mnaoujua ule ukumbi mnajua kwamba mbele ya mlango kuna mfereji mkubwa, na juu ya mfereji kuna daraja dogo la mbao ambalo kila mtu pale analiita passerelle. Na mimi waya wangu wa laini ya kwanza nilikuwa nimeupitisha chini ya hilo daraja. Nikashangaa chef amejuaje, yeye yuko katikati ya ziwa! Nikajiambia, huyu ni mtu wa kazi, amekwisha kufunga kila mahali. Kuhusu daraja kumdanganya mtu, nikaelewa kwa akili yangu kwamba mbao zinaonekana ngumu kumbe zimeoza, zitakatika na waya wangu utaanguka majini. Neno "kontrole" sikulielewa, nikaliruka. Ningeweza kupiga simu tena na kuuliza, chef, kontrole ni nini? Maneno manne tu. Badala yake nikavua viatu, nikaingia kwenye mfereji wenye uchafu wote wa mtaa, nikang'oa waya, nikauzungusha nyuma ya uwanja juu ya miti ya kalitusi, mbali, mbali kabisa kama nilivyoagizwa. Saa mbili nzima. Nilitoka nanuka, lakini moyoni nilikuwa na furaha ya mtu aliyetii.

Baada ya hapo nikafungua ruta. Ilikuwa inazungumza Kiingereza, mimi Kiingereza sijui, lakini nilikuwa nimemwona chef mara nyingi na vidole vyangu vinakumbuka. Nikafika kwenye kisanduku kitupu kinachotaka namba, ile namba ambayo ruta itakuwa inaiita "Uko?" Sikukumbuka chef huwa anatia namba gani. Nikageuza modemu, chini yake kulikuwa na namba zimebandikwa, nikazitia hizo. Taa ikawaka kijani palepale. Hilo ndilo kosa lenyewe, lilinichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba ya kiatu.

Mchana papa akaja kuona, akagonga ukuta kwa vidole, akagonga na meza. Nikamwonyesha. Nikawasha video ya mtu yeyote, kisha nikachomoa waya kutoka kwenye modemu, na video ikaendelea kutembea, haikustuka hata kidogo. Nikarudisha waya, nikachomoa tena. Papa akacheka (papa hacheki ovyo), akaniwekea mkono begani, akasema, "Kumbe hata asiyemaliza masomo anaweza. Hii mashine yako iko bien, iko sawa?"

"Ndiyo, papa."

Usiku ule nililala kama mfalme.

Jumamosi watu walijaa mpaka dirishani. Tulikuwa tumeshonewa kitenge cha aina moja familia nzima, na suruali yangu fundi aliibana mapajani kwa sababu alisema ndiyo modeli. Watu wa Mumosho walikuja na ng'ombe, wakamfunga nje karibu na turubai lililofunika kreti za vinywaji, na msemaji wao alikuwa muzee mmoja mwenye ulimi mtamu ambaye alimsifu papa mpaka papa akaangalia pembeni. Kisha taa zikazimwa, na Fabrice akatokea ukutani, mkubwa, na tai nyekundu, nyuma yake dirisha lenye theluji. Wamama wakapiga vigelegele. Nsimire alikuwa amefunikwa kitambaa usoni.

Papa akasimama na kofia yake.

"Fabrice!"

"Niko, papa!"

Vigelegele.

"Fabrice!"

"Niko, papa!"

Tantine Georgette, dada yake papa, akaanza kulia machozi ya furaha kabla ya wakati. Papa akataka ile ya tatu iwe na uzito. Akakohoa. Akavuta koti lake. Akaangalia watu kulia, akaangalia kushoto. Na katika kukohoa huko, mahali fulani mbali katika mtaa nisioujua, udongo uliolowa mvua za wiki nzima ukaporomoka bondeni na kuuchukua ule waya mkubwa unaolisha barabara yetu. Mimi sikujua. Nilijua Jumatatu.

"Fabrice!"

Picha ikaganda.

Fabrice alikuwa amesimama palepale ukutani, macho nusu yamefungwa, mdomo wazi kabisa. Nafikiri alikuwa ndiyo kwanza anavuta pumzi ili ajibu. Lakini uso ule, mkubwa vile, uliogandishwa pale, ulikuwa uso wa mtu anayepiga miayo.

"Anapiga miayo?" papa akauliza, tena kwa sauti ndogo.

"Mumuamushe mukwe!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. "Kule kwao bado ni asubuhi!"

Watu wakacheka. Nsimire akafunua kitambaa, na katika watu wote wale akaniangalia mimi tu.

Mimi nikaangalia ruta. Taa ya laini ya kwanza: kijani. Inaita, inajibiwa, imetulia. Nikaganda kama Fabrice. Na hapo tonton mmoja, mjomba wa upande wetu, ambaye maisha yake yote amekuwa akirekebisha televisheni kwa kuzungusha antena, akasimama juu ya kiti.

"Weye mutoto ya internet! Unaangalia nini? Panda, zungusha antena!"

Antena haikuwa na kosa. Antena ilikuwa nzima, ilikuwa ya secours, ilikuwa inangoja tu kuitwa. Nilikuwa nalijua hilo. Nilipaswa kusema, tonton, siyo antena, ngoja nifikiri kidogo. Lakini macho yote yale!

"Ndiyo, tonton," nikasema, nikapanda.

Juu ya mabati kulikuwa na manyunyu. Nikaishika antena, nikaigeuza kidogo. Chini wakapiga kelele, "Bado! Zungusha tena!" Nikageuza tena. "Bado!" Nikageuza, nikageuza, mpaka ikaupa mnara mgongo na kutazama ziwani, kule Idjwi alikokuwa chef (labda moyo wangu ndio ulikuwa unamtafuta). Nikapanua mguu ili nishike vizuri, na suruali ya modeli ikapasuka kuanzia mbele mpaka nyuma, nikasikia watoto chini wakishangilia, nikajaribu kujifunika kwa mkono, na mkono huo ndio uliokuwa unanishikilia.

Nikateleza. Turubai likanipokea, likanitupa, nikafika chini kati ya kreti na ng'ombe. Ng'ombe akastuka, akakata kamba, akakimbia kupitia passerelle, na ile passerelle niliyoiogopa hivyo ikambeba ng'ombe mzima bila hata ubao mmoja kulia. Vijana wa Mumosho wakamfuata mbio barabarani na tai zao.

Nikaingia ukumbini na matope, kitenge kikining'inia, watu wakinipisha kwa kucheka. Nilipofika mezani sikuwa na akili tena, nikafanya lile ambalo nilipaswa kulifanya mwanzoni wakati antena bado ilikuwa inaangalia mnara: nikachomoa waya wa laini ya kwanza. Ruta ikatii palepale kama ilivyotii Ijumaa. Ikatuhamisha sote kwenye laini ya pili. Na laini ya pili nilikuwa nimetoka kuiua mimi mwenyewe. Hata ule uso wa miayo ukaondoka ukutani. Ukabaki ukuta.

Taa ya pili ilikuwa kijani vilevile, kwa sababu kule nako nilitia namba ya karibu, ya antena yenyewe, na antena ilikuwepo, ilikuwa nzima, ilikuwa inatazama ziwa.

Kijana mmoja mwenye laini ya Rwanda kwenye simu yake akampata Fabrice, akaweka sauti kubwa, na tukasikia inakatikakatika, "Allô? Papa? Niko! Papa, niko!"

Papa akaisogeza simu kando kwa kidole. "Hiyo ni sauti. Sauti nilikuwa nayo tangu miaka ine."

Yule muzee wa Mumosho akaja karibu, akamshika papa mkono, na utamu wote ulikuwa umemtoka mdomoni, alikuwa anaomba tu. "Papa, tusamehe. Mashine njo imelala. Mutu hakulala."

Papa akanigeukia. Akaniuliza si kwa hasira, aliniuliza kama mtu anayetaka kusaidiwa, ninaiona mpaka leo ile sura yake.

"Mutoto yangu. Mashine yako iko bien?"

Nikaangalia taa. Kijani. Nikaangalia watu. Ulimi ukagoma, na likatoka lile moja linalotoka.

"Ndiyo, papa."

"Basi," papa akasema, "ni mutu."

Akachukua kofia yake akaenda. Watu wa Mumosho walirudi na ng'ombe wao jioni ile, wakimvuta juu ya mlima kwenye mvua. Hilo ndilo anguko langu. La pale kwenye turubai, nichekeni mpaka mchoke.

Jumatatu chef alirudi, akafungua ruta, akaangalia namba niliyotia, akashika kichwa. "Si nilikwambia usiiweke kwa passerelle?" Nikamwambia niliondoa waya wote chini ya daraja, hata majini niliingia. Hakucheka. Ndipo akanieleza kwamba modemu ile, mlango wa kwanza wa kutokea nyumbani kwenda nje, ndiyo wanayoiita passerelle. Ukiiuliza "Uko?" itajibu niko, kwa sababu kweli ipo, ipo mezani mbele yako. Barabara nzima nyuma yake inaweza kuwa imekufa, yenyewe itaendelea kujibu niko, niko. Nilipochomoa waya mbele ya papa niliiziba mdomo, ndiyo maana ruta ilihama. Lakini siku yenyewe hakuna aliyeiziba mdomo. Kontrole ndiyo huko kuuliza "Uko?", na kuuliza ni kwa mtu wa mbali, yule ambaye hawezi kujibu kama njia haipitiki.

Nikakumbuka primeri, nilivyokuwa naitika "présent" kwa ajili ya rafiki yangu aliyekwenda kuvua samaki, na mwalimu anaandika yupo. Nikaona pia jambo jingine, na hilo limeniuma zaidi, kwamba mashine ile niliifunga ikafanana na mimi. Ukiniuliza nimeelewa, najibu ndiyo. Taa kijani. Nyuma hakuna kitu.

Nilimweleza Nsimire yote. Alikuwa anafua, hakuacha kufua. Nikamwomba, "Mwambie papa. Mwambie Fabrice alijibu, ni mimi niliyeikata." Akakamua nguo moja mpaka maji yakaisha, akasema:

"Maisha yote ninakujibia. Hii, hapana. Hii utajibu weye mwenyewe."

Tangu siku ile nimekwenda mbele ya papa mara tatu. Mara ya kwanza aliniuliza, "Umekuja kuchukua nyundo?" nikasema ndiyo, nikaondoka na nyundo. Mara ya pili nikaondoka na kiti. Mara ya tatu sikumbuki nimeondoka na nini. Nsimire amekonda. Fabrice bado anampigia jioni, na anaongea chinichini asisikike.

Ndiyo maana nimeandika. Papa yangu husimama mbele ya ubao huu kila Jumapili baada ya misa, husoma polepole na kidole chake, hakosi karatasi hata moja. Papa, mashine haikuwa bien. Nilisema ndiyo kwa woga. Mtu hakupiga miayo, alikuwa anavuta pumzi akujibu. Tafadhali muite mara ya nne. Safari hii Chef Bisimwa ndiye atatia namba, mimi nitashika ngazi tu, na kila kitu nisichokielewa nitauliza, hata mbele ya watu, hata mara kumi. Nimeapa.

Na ninyi ndugu wengine, mniandikie. Nimeacha nafasi chini ya karatasi, andikeni hata mstari mmoja, hata mkinitukana, kalamu nimeifunga kwa uzi pembeni. Msimwambie tu kijana anayebandika karatasi kwamba mmesoma. Yeye yuko karibu sana, nikimuuliza atasema ndiyo. Ninangoja jibu la mkono wenu.

Papa, na wewe pia.